Pesa za mchango zifuate magurudumu yetu
Barua ya wazi kwa Mwenyekiti na Kamati ya klabu yetu ya magari ya 4x4, Nairobi

Mheshimiwa Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na wanakamati wote,

Nawasalimu kwa heshima. Barua hii nimeiandika wazi kwa kuwa pesa ninazotaka kuzisemea zilichangwa wazi. Tulisimama na ndoo za mchango kwenye maegesho ya maduka, tukatuma namba ya Paybill kwa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzetu, tukawabembeleza wenye gereji na wauza magurudumu watushike mkono. Waliotoa mia mbili mia mbili hawana kiti katika mkutano wetu, lakini wana haki ya kusikia tunazungumza nini juu ya pesa zao.

Zimepatikana shilingi milioni mbili na laki nne. Tangu nijiunge na klabu mwaka 2013 sijaona mwaka uliokaribia hapo, na kamati inastahili shukrani za dhati. Najua Mweka Hazina alikesha akilinganisha risiti na meseji za M-Pesa, moja baada ya nyingine, hadi hesabu ikakubali. Sasa Jumamosi ya wiki ijayo tutaulizwa pesa hizi ziende wapi, na mapendekezo niliyoyasikia ni matatu: malipo ya kwanza ya kiwanja cha klabu kule Kitengela, winchi kubwa (mashine ya kuvuta gari lililokwama) na vifaa vipya vya uokoaji, na msafara wa siku moja wa kugawa unga na mablanketi.

La kiwanja sitalisemea sana. Bango letu la mchango liliandikwa "Maji na njia kwa majirani zetu wa barabara ya Magadi." Aliyetoa mia mbili yake hakutoa ili sisi tupate pa kuchomea nyama. Tukitaka nyumba ya klabu, tujichange wenyewe, na mimi nitatoa fungu langu siku hiyo hiyo.

La winchi ni zito zaidi, kwa sababu nimeona kamba yake ya chuma ikikatika. Ilipita juu ya boneti kama mjeledi, ikachana kioo, na laiti kijana aliyekuwa ameinama kufunga shakoli asingekuwa ameondoka nukta chache kabla, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Kwa hiyo vifaa bora nataka, na mafunzo ya huduma ya kwanza nayataka kuliko vifaa. Lakini gari linalokwama ni letu, na starehe ya kulikwamua ni yetu. Hizo ni gharama za ada. Ada ni ya wanachama, mchango ni amana. Siku tutakapoichanganya mifuko hiyo miwili, hata kwa nia njema, hatutaweza tena kumtazama mtu usoni na kumwomba.

La unga na mablanketi ndilo linalonipa shida, kwa kuwa linatoka moyoni. Na mimi nilikuwa kwenye msafara kipindi kile cha ukame, mvua zilipokataa misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020. Ng'ombe walikuwa wanaanguka kando ya barabara na hawainuki. Wakati ule unga ulikuwa uhai, na tukirudi katika hali ile nitakuwa wa kwanza kupakia magunia. Ila mwaka huu hatujaombwa unga. Hatujamuuliza mtu yeyote. Tumekaa Nairobi tukaamua nini kinapungua katika nyumba za watu ambao tunapita mbele ya milango yao angalau mara nane kwa mwaka.

Nilikwenda kuuliza. Si kwa niaba ya klabu, nilikwenda kama jirani, Jumapili mbili, nikiwa na mke wangu na mtungi wa chai. Nitaeleza niliyoyaona, maana ndiyo sababu ya barua hii.

Mnakumbuka tangi la ile shule ya msingi iliyo upande wa kushoto ukishamaliza kushuka mteremko, kabla ya ile njia yetu ya vumbi kuchepuka kwenda bondeni? Lita elfu kumi, jeusi, lenye nembo yetu. Mimi nilikuwa mmoja wa waliolisimamisha. Nilishika upande mmoja wa utepe siku ya kulifungua, na picha ile bado iko kwenye ukuta wa sebule yangu. Nembo imepauka, inasomeka kwa shida. Koki haipo. Pale ilipokuwa pamezibwa kwa gunzi la hindi lililofungwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu, na mpira wenyewe umepasuka, kwa hiyo chini ya tangi pana kidimbwi cha kijani ambacho mbuzi wanakuja kunywa. Gata iliyokuwa ikipeleka maji ya mvua kutoka kwenye paa imeanguka upande mmoja. Ilikuwa imeshikiliwa kwa misumari tu, na ubao wa pembeni ya paa umeliwa na mchwa. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri sana, akatuletea viti nje, na hakulalamika hata neno moja. Nilipomuuliza koki ilivunjika lini, alisema muhula wa pili tangu tulipoondoka. Muhula wa pili. Nikamuuliza mbona hakutupigia simu, akanijibu kwa upole, "Hamkutuachia namba, mwalimu." Ananiita mwalimu, mimi ambaye sikumfundisha kitu.

Koki ya shaba haifiki hata nusu ya bei ya kujaza tangi la mafuta la gari dogo. Shule imekaa miaka mingapi bila maji ya mvua kwa sababu ya kitu kile? Na siyo kwamba walimu hawakujali. Pesa za shule zina mafungu yake, na mzazi ambaye amebakiwa na mbuzi watatu huwezi kumdai koki ya tangi la wageni.

Niliporudi nyumbani nilikaa na karatasi nikapiga hesabu ambayo tungepaswa kuipiga kabla ya kununua lile tangi. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya bati, inatoa lita moja ya maji. Jengo lile la madarasa lina paa la mita 20 kwa 8, yaani mita za mraba 160. Mvua moja nzuri ya milimita 20 inamwaga lita 3,200 juu ya bati hilo, na hata robo yake ikipotea, zinabaki lita 2,400. Mvua nne au tano za namna hiyo zinalijaza tangi pomoni. Sasa wanafunzi ni kama 240. Ukimpa kila mmoja lita mbili za kunywa kwa siku, lita elfu kumi zinakwisha katika siku ishirini za masomo. Maana yake ni kwamba tangi lile hata likiwa zima kabisa haliifikishi shule mwisho wa kiangazi. Linachoweza ni kujaa tena na tena wakati wa mvua, na hilo linategemea gata, si tangi. Sisi tulitumia karibu pesa zote kwenye tangi kwa kuwa tangi linaonekana kwenye picha. Gata tulifunga upande mmoja tu wa paa, nyembamba, bila kibati cha kuyazuia maji yasiruke mvua ikiwa kubwa. Nusu ya paa ilikuwa inamwaga maji chini tangu siku ya kwanza, huku sisi tukipiga makofi.

Kwenye njia hiyo hiyo tumetoa matangi mengine mawili miaka tofauti. Moja linafanya kazi, kwa sababu mlinzi wa zahanati pale ana akili ya ufundi na amelitunza kwa mikono yake. Lingine limepasuka chini, maana liliwekwa juu ya udongo ulioshindiliwa bila jukwaa la zege, na udongo ukadidimia upande mmoja.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Neno la harambee liko kwenye ngao ya taifa, na baada ya uhuru wananchi walijenga shule na zahanati kwa pesa na jasho lao, sehemu nyingine zahanati ikasimama kuta na paa, ikabaki kumngoja muuguzi na dawa. Kuchangia ujenzi kuna ngoma na wageni waalikwa. Kuchangia matunzo hakuna mgeni wa heshima anayekata utepe wa koki mpya. Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tuna tabia ya kuuacha ufa kwa mmoja tukaenda kumjengea mwingine ukuta.

Sasa nije kwenye la pili, ambalo ni gumu zaidi kulisema kwa sababu hapa hatukusahau kutunza, tuliharibu.

Mnalijua lile tope. Vijana wetu wanaliita kwa majina ya kila aina na kila baada ya mvua picha zake zinajaa kwenye simu zetu. Ni sehemu ya udongo mweusi unaonata, kama nusu kilomita, kabla ya kufika kwenye kivuko cha ule mto wa msimu. Nilipoanza kupita hapo mwaka 2013 palikuwa na njia moja, alama mbili za magurudumu na nyasi katikati. Udongo wa namna ile ukiwa mkavu ni mgumu kama tofali, na ukilowa unakuwa kama uji. Gari likipita wakati wa mvua linachimba mifereji miwili, na mvua inayofuata haina haja ya kutafuta njia tena. Anayekuja nyuma anaona mifereji ni mirefu, anakwepa pembeni, anachora mingine. Mwaka unaofuata, pembeni ya pembeni. Jumapili ile nilishuka kwenye gari nikapima kwa hatua upana wa njia zetu zote zikiwekwa pamoja. Hatua arobaini na tatu. Mfereji wa kwanza kabisa, ule wa asili, sasa ni korongo. Niliposimama ndani yake ukingo ulinifika kiunoni, na kwenye ukuta wake unaona mizizi ya nyasi ikining'inia hewani.

Mzee mmoja alikuwa anapitisha punda zake watatu, kila punda na mitungi minne ya maji. Ilimbidi azunguke mbali kwa sababu punda aliyebeba mzigo hawezi kushuka korongo lile. Tulisalimiana, tukazungumza mvua na mifugo kama ilivyo ada. Kisha akaangalia gari langu, akaangalia udongo, akasema, "Nyinyi mnakuja siku moja mnaondoka. Maji yanakuja kila mwaka kufuata njia mliyoyachorea." Hakusema kwa hasira. Akaniambia pia kwamba eneo lile, juu kidogo ya njia, lilikuwa olopololi, yaani majani yaliyotengwa kwa ajili ya ndama na wanyama wagonjwa wasioweza kufuata kundi mbali. Maji ambayo zamani yalitandaa polepole juu ya tambarare ile na kuotesha majani, sasa yanakusanywa na korongo letu na kukimbilia mtoni kwa saa chache. Akaonyesha kwa fimbo yake mpaka wa sehemu ambayo haioti tena.

Ndugu zangu wanakamati, tumekuwa tukiwaomba watu pesa za kuwapelekea majirani maji, na kwa magurudumu yetu wenyewe tumekuwa tukiyaondoa maji kwenye ardhi yao. Sijui kusema hivi kwa lugha laini zaidi.

Na pikipiki zinazowabeba wagonjwa kwenda zahanati zinapita hapo hapo. Mama mmoja pale shuleni aliniambia mvua ikinyesha, wanamshusha mgonjwa, wanamvusha kwa miguu, wanampandisha tena ng'ambo.

Kwa bahati nzuri, korongo linatibika kama kuna subira. Wataalamu wa udongo na hata wafugaji wenyewe wanajua kazi hii. Kwanza unayazuia maji yasiingie juu, kwa kuchimba mitaro ya kuyachepusha yarudi kwenye majani. Kisha ndani ya korongo unajenga vizuizi vya mawe vya ngazi kwa ngazi, na pale penye nguvu unatumia gabioni, vile vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, ili kila kizuizi kishike udongo nyuma yake. Kwenye sehemu zilizokauka unachimba vijitaro vya nusu duara, upande wa wazi ukitazama juu mteremko unakotoka, vinashika mvua na mbegu za majani zinaota ndani. Huko huko Kajiado, kwenye maeneo mengine, kazi ya nusu duara imefanyika kwa wingi na majani yamerudi. Inahitaji mikono mingi, na mikono hiyo ilipwe. Mawe yapo. Waya na mshahara ndivyo vya kununua. Njia yenyewe ibaki moja tu, iwekwe mawe na kifusi, na zile njia nyingine zote zifungwe kwa miiba. Na sisi tukubali kwamba mvua ikinyesha hatupiti hapo. Hilo la mwisho halihitaji hata shilingi moja, na naomba liwe azimio la kwanza la mkutano.

Najua atasimama mmoja wetu aseme matengenezo ya njia na majani si kazi ya klabu ya magari. Kwake naomba nikumbushe jambo ambalo wengi wetu tumelishuhudia. Rhino Charge ni mashindano ya magari kama yetu. Eneo linafichwa hadi karibu na siku yenyewe, vituo ni 13, saa ni 10, na anayeshinda ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake. Yalianza mwaka 1989 ili kulitafutia pesa shirika la Rhino Ark, lililokuwa limeanzishwa mwaka mmoja kabla kwa ajili ya kuwalinda vifaru wa milima ya Aberdare. Hawakuzitawanya pesa zao. Walichagua kitu kimoja, uzio wa umeme, wakaanza na sehemu ambapo mashamba yanagusana na msitu. Wakulima walipoona mazao yao yanafika ghalani bila kukanyagwa na tembo, nao wakautaka. Mwaka baada ya mwaka, kipande baada ya kipande, hadi Agosti 2009 uzio ukaizunguka Aberdare yote, karibu kilomita 400. Miaka ishirini kwenye kitu kimoja. Ndipo wakaenda Eburu na Mlima Kenya.

Uzio wa umeme si ukuta. Jani moja likikua likagusa waya, nguvu inapungua. Tembo mwenye akili anajifunza kuangusha nguzo kwa pembe bila kushtuka. Mvua inaosha udongo chini ya waya wa mwisho. Bila watu wa kuutembelea kila siku wakifyeka na kukaza, uzio ule ungekuwa chuma chakavu ndani ya miaka michache. Kwa hiyo matunzo yalihesabiwa kuwa sehemu ya kazi, na watu wanaoishi kando ya uzio ndio wanaoutunza. Kutoka milima ya Aberdare ndiko yanakotoka maji ya mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maji ya Nairobi. Kila mmoja wetu anayeosha gari lake Jumapili jioni akitoka safari ananufaika na magari ya wenzetu waliokubali kufanya jambo moja kwa miaka ishirini.

Hatuna pesa zao na hatuna wafadhili wao. Ila njia tunayo, na tunajua kila jiwe lake.

Basi pendekezo langu kwa mkutano ni hili. Milioni mbili na laki nne zisivuke mipaka ya njia tunayopita. Tuanze na matangi yetu matatu: yapewe koki za shaba zenye kisanduku cha kufunga kwa kufuli, gata pande zote mbili za paa zilizoshikiliwa kwa vyuma na si misumari, jukwaa la zege kwa lile lililopasuka, na tangi jipya juu yake. Hiyo ni kazi ya kwanza na fundi aajiriwe kutoka hapo hapo, ili siku likiharibika awepo wa kuitwa. Kisha sehemu kubwa kuliko zote iende kwenye lile korongo, tukiwa tumekaa kwanza na wazee na wenye ardhi, na tukiwa na afisa wa kaunti anayejua udongo. Si mimi wala kamati tutakaoamua mtaro uchepuke wapi, kwa sababu tukiyapeleka maji bomani kwa mtu tutakuwa tumefanya kosa la pili.

Laki sita, yaani robo ya pesa zote, naomba zisitumike mwaka huu. Ziwekwe kwenye akaunti yake, ziitwe pesa za matunzo, na zitolewe kwa sahihi tatu, mojawapo ikiwa ya mtu wa kule anayechaguliwa na wenyewe. Najua kuna atakayesema pesa zilizolala benki ni dalili ya uvivu. Kwangu mimi ndizo zitakazomwezesha mwalimu mkuu apate koki wiki ile ile inapovunjika, bila kumwomba mtu.

Wapo wanaotaka tujenge bwawa la mchanga kwenye ule mto wa msimu, kama yale ya Ukambani. Nami naliota. Ukuta wa zege unakatiza mto juu ya mwamba, mafuriko yanaleta mchanga na kuujaza nyuma yake kwa misimu michache, na maji yanakaa ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Nimeona Makueni watu wakichota maji safi kwenye kisima kilichochimbwa katikati ya mto mkavu, mwezi wa tisa. Lakini kule watu walibeba mawe na mchanga wenyewe kwa vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, na pesa za nje zilinunua saruji na nondo. Na bila mwamba imara chini, maji yanapita chini ya ukuta na kazi yote inapotea. Kuna vibali vya Mamlaka ya Rasilimali za Maji pia. Tutenge kiasi kidogo cha kumlipa mhandisi apime, halafu tusubiri jibu lake. Tusitangaze kitu kabla ya hapo.

Msafara wa kwenda kule tuufanye, kwa mafuta yetu wenyewe, mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Kila gari likague kitu kimoja. Gari la kwanza gata, la pili koki, la tatu vizuizi vya mawe, na taarifa isomwe mkutanoni na kutumwa kwa waliotuchangia, pamoja na risiti. Wakiona koki ya mwaka huu bado inafunga na kufungua mwaka kesho kutwa, hatutakuwa na haja ya kubembeleza mtu.

Picha ile iliyo sebuleni kwangu nimeishusha. Siyo kwa aibu ya klabu. Nataka kurudisha pale picha nyingine.

Koki mbili nimeshazinunua, pamoja na utepe wa mafundi bomba na spana. Ziko kwenye gari. Jumapili inayofuata baada ya mkutano nitakwenda kuzifunga, mkutano uamue vyovyote utakavyoamua, na namba yangu ya simu nitaiandika kwa rangi juu ya tangi, chini ya nembo. Tutaondokea Kiserian saa kumi na mbili asubuhi. Mwenyekiti, nafasi ya mbele nimekuwekea wewe, na mwalimu mkuu nimeshamwambia kwamba huenda nikaja na mgeni.

Wenu katika klabu,

Mwanachama wa tangu 2013